Usingoje siku ya kesi ndipo umtafute shahidi

UCHUNGU wa kupigwa kalamu hauhitaji kuelezwa kwa mkazi wa mjini. Leo una kazi, kesho huna. Mwenye nyumba anangoja kodi yake mwisho wa mwezi, shule inataka karo, na mwenye duka aliyekuwa akikuandikia deni la unga bila kunung'unika anaanza kukutazama kwa jicho jingine.

Baadhi ya watu hupokea barua ya kufutwa, wakainamisha kichwa na kurudi mashambani. Wengine husema la, nimeonewa, na huenda mahakamani kutafuta haki. Makala haya ni ya hao wa pili. Ni ya mwajiri wao vilevile, kwa maana sheria tutakayoizungumzia humbana kila mmoja kwa zamu yake.

Je, msomaji, wajua kwamba mtu anaweza kuwa na kesi nzuri, wakili hodari na jaji asiyependelea, na bado akashindwa kwa sababu ya kurasa mbili au tatu za karatasi? Karatasi hizo ni taarifa ya shahidi. Aghalabu si kwamba haikuandikwa. Iliandikwa, ikatiwa sahihi, lakini ikafika kortini imechelewa.

Korti ya kazi ni ipi?

Tuanze na korti yenyewe. Wazee wetu waliifahamu kwa jina la Mahakama ya Viwanda, mahali ambapo viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikwenda kupambana na wakuu wa makampuni kuhusu nyongeza ya mishahara. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 162, iliagiza kuwepo kwa mahakama ya mambo ya kazi yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Bunge likapitisha sheria yake mwaka 2011, na tangu 2014 inaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ingawa wengi huiita tu mahakama ya leba. Ipo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri na miji mingine.

Si kila kesi ya kazi huanzia kwa jaji. Mwaka 2018, kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, mahakimu walipewa uwezo wa kusikiza madai ya wafanyakazi ambao mshahara wao wote kwa mwezi, kabla ya makato, hauzidi Sh80,000. Kwa hivyo mlinzi, mpishi, karani wa duka au dereva anaweza kupeleka dai lake mbele ya hakimu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika mahakama hii si lazima uwe na wakili. Sheria inakuruhusu kujitetea mwenyewe, au kuwakilishwa na afisa wa chama chako cha wafanyakazi. Hilo ni jema kwa mtu asiye na pesa. Lakini pia ndiko makosa mengi yanakozaliwa, kwa sababu anayejiwakilisha hufungwa na kanuni zile zile zinazomfunga wakili mwenye uzoefu wa miaka 20.

Taarifa ya shahidi ni nini?

Zamani shahidi alikuwa akifika kortini, anapanda kizimbani, na huko ndiko upande wa pili ulikosikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Kesi ilikuwa kama vita vya kuviziana. Wakili mmoja alificha shahidi wake kama mwindaji afichavyo mtego, kisha akamtoa ghafla. Mwenzake naye aliomba kesi iahirishwe ili ajiandae, na kesi ikavutwa mwaka hata mwaka.

Kanuni za kesi za madai za 2010 ziliukomesha mtindo huo. Anayeshtaki aliagizwa kuleta, pamoja na madai yake, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na nakala za hati atakazotegemea. Anayeshtakiwa naye afanye vivyo hivyo anapojibu. Kanuni hizo hizo ziliacha mlango mdogo: taarifa inaweza kuja baadaye kwa idhini ya korti, lakini angalau siku 15 kabla ya kikao cha kupanga kesi. Mahakama ya kazi ina kanuni zake, na mpya zilitolewa mwaka 2024 kuchukua nafasi ya zile za 2016, lakini shabaha ni ile ile: kila upande uziweke karata zake mezani mapema.

Taarifa yenyewe si kitu cha kutisha. Ni maelezo ya shahidi kwa maneno yake: yeye ni nani, alikuwa wapi, aliona nini, alisikia nini, na siku gani. Hugawanywa kwa aya zenye nambari, huandikwa tarehe na kutiwa sahihi.

Siku ya kusikizwa, shahidi huapa, huonyeshwa taarifa hiyo na kuulizwa kama ni yake na kama anataka iwe ushahidi wake. Akikubali, inahesabiwa kana kwamba ameisema yote mbele ya jaji. Kisha wakili wa upande wa pili anaanza kumhoji. Ndiyo maana, asiye na taarifa, kwa kawaida, hana nafasi ya kusema.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu hudhani kwamba alichokiandika katika madai yake kinatosha. Hakitoshi. Mwaka 1978, katika kesi ya CMC Aviation dhidi ya Cruisair, Jaji Madan alieleza jambo ambalo mawakili wetu bado hulitaja karibu kila siku: yaliyomo katika hati za madai ni maelezo tu ya wenye kesi, si ushahidi, mpaka yathibitishwe. Ukisema ulifutwa bila kusikizwa, hayo ni madai. Mwenzako aliyekuwepo ulipofukuzwa langoni, ndiye ushahidi.

Tuchukue mfano

Tuseme kuna mlinzi wa usiku katika ghala moja la mjini, mshahara wake Sh20,000 kwa mwezi. Asubuhi moja betri za lori hazionekani. Msimamizi anamwambia aache sare na aende zake. Hakuandikiwa barua, wala hakuitwa kujieleza.

Sheria ya Kazi ya 2007 iko upande wake kwa mengi. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, na amsikize akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumfuta. Akishindwa, kufutwa huko kunahesabiwa kuwa si haki. Kifungu cha 49 kinaruhusu korti kumlipa mfanyakazi fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Kwa mlinzi wetu, kiasi cha juu kabisa ni Sh240,000, mbali na malipo ya notisi na siku za likizo alizokuwa akidai. Si lazima apewe zote 12. Jaji hupima mambo kadhaa. Lakini hizo ni pesa za kulipa madeni na kuanzisha biashara ndogo.

Mlinzi huyu anaye mwenzake wa zamu ya mchana, aliyepokea funguo kutoka kwake saa kumi na mbili asubuhi, wakatembea pamoja wakihesabu kila kitu, na betri zilikuwepo. Huyo ndiye nguzo ya kesi. Lakini bado ameajiriwa pale pale na anaogopa. Kila mara anaahidi: nitakuja kutia sahihi wiki ijayo. Mwezi unapita, mwaka unapita. Hatimaye anatia sahihi jioni ya kuamkia siku ya kesi, na taarifa inawasilishwa usiku huo.

Asubuhi, wakili wa kampuni anasimama. "Mheshimiwa, nimeipata hati hii usiku wa manane. Sijaionyesha kwa mteja wangu. Naomba iondolewe."

Jaji atafanya nini?

Njia tatu za jaji

Ya kwanza ni kuikubali taarifa, lakini kuupa upande wa pili muda wa kuijibu na pengine kuleta shahidi wake mwingine. Kesi inaahirishwa. Mara nyingi aliyechelewa huamriwa kulipa gharama za siku hiyo: wakili wa kampuni alifika, shahidi wake alilipa nauli kutoka mbali, na siku ya korti imepotea. Kwa mtu asiye na kazi, hata shilingi elfu chache ni mzigo.

Njia ya pili ni kuikataa. Taarifa inaondolewa katika faili, shahidi anarudi nyumbani bila kusema neno, na kesi inaendelea siku hiyo hiyo. Mlinzi wetu anabaki na maneno yake mwenyewe. Huenda akashinda bado, kwa sababu mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumfuta. Lakini kampuni ikileta msimamizi na daftari la zamu, nani atampinga?

Njia ya tatu hutokea pale ambapo mwenye kuchelewa alikwisha kupewa nafasi moja au mbili na akazichezea. Kesi inapangiwa tarehe ya mwisho, na jaji anaandika kwamba hakutakuwa na ahirisho jingine. Ukifika siku hiyo mikono mitupu, utafunga kesi yako bila ushahidi, na kesi yenyewe inaweza kutupwa.

Kipimo ni kipi?

Huenda ukauliza: Katiba yetu si inasema katika Ibara ya 159 kwamba haki itolewe bila kujali mno vikwazo vya kiufundi vya taratibu? Naam, inasema hivyo. Lakini soma ibara hiyo hiyo mistari michache juu, utakuta kwamba haki haitacheleweshwa. Na Ibara ya 50 inampa kila mtu haki ya kusikizwa kwa usawa. Kila mtu maana yake hata aliyekufuta kazi. Hawezi kusikizwa kwa usawa ikiwa anauona ushahidi wako dakika tano kabla ya kuujibu.

Mfano unaojulikana zaidi nchini hautoki katika mahakama ya leba. Ni ule wa kesi ya urais ya 2013. Raila Odinga alikuwa amewasilisha hati ya kiapo ya nyongeza yenye kurasa zaidi ya 800 baada ya muda, na Mahakama ya Juu ikaikataa. Kesi hiyo ilikuwa lazima iamuliwe katika siku 14. Upande wa pili ungepata wapi muda wa kusoma rundo hilo, seuze kulijibu? Wengi walilalamika, wengine wakapongeza, lakini funzo lilibaki: hata mtu mkubwa katika kesi kubwa anaweza kufungiwa mlango na saa ya ukutani.

Kesi za kazi hazina siku 14. Kwa hivyo jaji wa leba ana nafasi kubwa zaidi ya kuvumilia, na mara nyingi huvumilia. Hata hivyo, uvumilivu huo hauji bure. Mwaka 2014, katika kesi ya Nicholas Salat dhidi ya Tume ya Uchaguzi, IEBC, Mahakama ya Juu ilieleza jinsi maombi ya kuongezewa muda yanavyopimwa. Kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hisani ya korti kwa anayestahili. Anayeomba ndiye anayebeba mzigo wa kushawishi. Lazima aeleze sababu ya kuchelewa, tena sababu yenye mashiko. Korti itatazama kama upande wa pili utaumizwa, na kama maombi yenyewe yaliletwa bila kukawia.

Ukiyatia mambo hayo katika kesi ya mlinzi wetu, maswali yanakuwa mepesi kuyaelewa. Umechelewa kwa siku ngapi? Kwa nini? Je, kusikizwa kumeanza? Ushahidi huu ni mpya kabisa au unaeleza tu yaliyokwisha kudaiwa? Mwajiri akipewa wiki mbili, anaweza kuujibu? Na je, uliomba ruhusa, au uliingiza karatasi kimyakimya ukitumaini hakuna atakayeona?

Swali la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuchelewa ni kosa, lakini kuchelewa na kunyamaza ni makosa mawili. Na aliyeleta taarifa baada ya mashahidi wa kwanza kuhojiwa yumo hatarini zaidi, kwa sababu anaonekana kama mtu anayeziba matundu aliyoonyeshwa na mwenzake.

Mwajiri naye asicheke

Usidhani, wewe mwenye kampuni, kwamba haya ni ya wanyonge peke yao. Makampuni nayo huchelewa. Meneja aliyeandika barua ya kumfuta mtu ameacha kazi na kwenda kwingine. Faili liko makao makuu. Wakili amebadilishwa. Siku ya kesi inafika, na kampuni ina majibu yaliyoandikwa vizuri lakini haina shahidi.

Hapo kampuni iko pabaya kuliko mfanyakazi. Sheria imeweka mzigo wa kueleza sababu ya kufuta juu ya mwajiri. Kuhusu masharti ya ajira, asipotoa mkataba au maelezo ya maandishi ambayo sheria inamtaka ayahifadhi, ni juu yake kuyapinga anayodai mfanyakazi. Taarifa yake ikitupwa kwa kuchelewa, maneno ya mfanyakazi yanabaki bila mpinzani.

Na mwajiri si kampuni tu. Ni wewe, msomaji, uliyeajiri yaya nyumbani kwako Buruburu, Kisauni au Kondele. Sheria ya Kazi inamlinda mfanyakazi wa nyumbani kama inavyomlinda karani wa benki. Ukimwambia leo funga virago, kesho unaweza kupokea madai. Utasema ulimlipa kila mwezi, ulimpa siku za mapumziko, aliondoka kwa hiari. Ni sawa. Nani alikuona? Jirani? Dada yako aliyekuwa akikaa nanyi? Wamwage wino wao mapema. Na kama ulikuwa ukimlipa kwa simu, rekodi za M-Pesa zitakusaidia kuliko viapo kumi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ajira nayo ni vivyo hivyo.

Kwa nini watu huchelewa?

Sababu nyingi zinaeleweka. Shahidi bado anakula kwa mwajiri yule yule na hataki ugomvi. Au amehama, hajulikani kama yuko Kitale au amekwenda kufanya kazi Saudia au Qatar. Au mwenye kesi hajamaliza kumlipa wakili, na wakili naye anavuta miguu. Au mtu hakujua tu. Alidhani shahidi huitwa siku ya kesi kama vile mtu anavyoitwa kwenye baraza la chifu.

Kila moja ina dawa yake. Shahidi aliye ng'ambo anaweza kutia sahihi taarifa yake huko na kuituma, na korti zetu, hasa tangu 2020, zimezoea kusikiza watu kupitia video, mradi jaji aombwe mapema. Shahidi anayemwogopa bosi wake anaweza kuitwa kwa hati ya wito ya korti. Hapo ana la kumwambia mkubwa wake: sikujipeleka, nimeitwa. Kama anakataa kuandika lolote kabla, mweleze jaji hivyo wakati kesi inapopangwa, si asubuhi ya kusikizwa.

Fanya hivi

Kwanza, wiki ile ile uliyofutwa, keti uandike. Andika tarehe, saa, majina ya waliokuwepo na maneno yaliyosemwa. Kumbukumbu ni kama maji ya mtungi, hupungua hata usipoyanywa. Yaya, kibarua wa mjengo, mwanafunzi anayefanya kazi ya likizo dukani: nyote fanyeni hivyo.

Pili, chukua nambari za simu za mashahidi, na nambari ya jamaa yao pia. Watu hubadilisha laini. Usitegemee shahidi mmoja ukiweza kupata wawili.

Tatu, taarifa iseme yale shahidi aliyoyaona au kuyasikia mwenyewe, si yale aliyoambiwa na mke wako. Usimwandikie maneno ya kisheria asiyoyatumia. Akihojiwa atashindwa kuyaeleza na utaaibika. Kama hajui kusoma, asomewe kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea aandike hivyo chini ya taarifa.

Nne, peleka taarifa pamoja na madai yako. Siku hizi hati huwasilishwa kwa mtandao; mpango huo ulianza Nairobi Julai 2020 na ukapelekwa nchi nzima Machi 2024. Kumbuka kwamba hati ambayo ada yake haijalipwa haijafika. Weka risiti. Kisha ukabidhi upande wa pili nakala na uhifadhi ushahidi kwamba imepokelewa. Taarifa iliyo kortini lakini haijamfikia mpinzani wako ni nusu ya safari.

Tano, kama ushahidi wako ni ujumbe wa simu, picha au sauti iliyorekodiwa, Sheria ya Ushahidi inataka uambatanishwe na cheti kinachoeleza ulitolewa katika chombo gani na kwa njia gani. Wengi huchapisha mazungumzo ya WhatsApp huko saiba na kudhani wamemaliza.

Sita, ikiwa umeshtakiwa wewe, soma hati ya wito mara tu unapoipokea. Siku za kujibu zimeandikwa humo. Usiitie ndani ya kabati.

Saba, ukiona umechelewa, usijifiche. Omba ruhusa kabla ya siku ya kesi. Andika hati ya kiapo ueleze sababu kwa ukweli na uambatanishe kile kinachoithibitisha, iwe ni karatasi ya hospitali au ujumbe wa shahidi aliyekuwa akikwepa. Pendekeza mwenyewe kwamba upande wa pili upewe muda wa kujibu. Na uwe tayari kulipa gharama. Jaji humsikiza kwa urahisi zaidi mtu aliyekuja mapema akiungama kuliko aliyekamatwa.

Nane, hakikisha shahidi anafika mwenyewe. Taarifa ya mtu asiyekuja kuhojiwa ni ganda tu. Mjulishe tarehe ikitolewa, mkumbushe wiki moja kabla, na umpangie nauli.

Kama huna uwezo, usikae. Uliza chama chako cha wafanyakazi, afisa wa leba wa eneo lako, au mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wanyonge tangu 1973.

Mlango usiofunguka

Tumesema kwamba taarifa iliyochelewa inaweza kusamehewa. Kuna kuchelewa kwingine ambako hakuna msamaha, na usikuchanganye na huku. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi lazima yafikishwe kortini ndani ya miaka mitatu. Muda huo umewekwa na Sheria ya Kazi yenyewe, na jaji hana uwezo wa kuuongeza hata akikuonea huruma kiasi gani. Mazungumzo na mwajiri, barua za kuombana na safari za kwenda kwa afisa wa leba hazisimamishi hesabu hiyo.

Ndipo linapozuka kosa la kusikitisha kuliko yote. Mtu humsubiri shahidi anayesitasita mpaka miaka mitatu inamkaribia, akidhani hawezi kushtaki bila yeye. Akiwa katika hali hiyo, heri apeleke madai kwa wakati akiwa na taarifa yake mwenyewe na hati alizo nazo, kisha aombe ruhusa ya kuongeza ya shahidi baadaye. Shahidi aliyechelewa anaweza kuombewa. Kesi iliyochelewa imekwisha.

Kwa hiyo, msomaji, kama una jambo la kazi linalokusumbua, au una ndugu aliyefutwa juzi na bado amekaa sebuleni akihesabu dari, mwulize leo hii maswali mawili. Je, ni nani aliyeona? Na je, amekwisha kuandika? Kama jibu la pili ni hapana, mtafutie kalamu na karatasi kabla jua halijatua.